Sekunde Arobaini Nilizozikata

Kasulu, Jumapili jioni. Mvua ya kudonadona tangu niliposhuka kwenye basi, ile isiyo na haraka, ambayo unajua itakuwepo hadi kesho. Baridi. Nimevaa sweta la marehemu baba juu ya gauni na miguu nimeifunika kanga. Begi la saksafoni liko mlangoni, limelowa, sijalifungua.

Nimechoka, lakini nikilala sasa nitaamka nimeshaanza kuipamba hii habari. Najijua. Acha niiandike kabla sijaitia chumvi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi nafundisha hesabu sekondari hapa Kasulu, na jioni napiga saksafoni. Majirani wameshazoea, au wameshakata tamaa, sijui. Kwa mwaka mzima nimekuwa natengeneza kitu kimoja tu. Ni wimbo wa kilio wa Kiitalia, wa mwanzoni mwa zama zile zinazoitwa za Baroko, yaani umri wake unakaribia miaka mia nne. Umejengwa juu ya noti nne za sauti ya chini: la, so, fa, mi. Zinashuka taratibu, zikifika chini zinarudi juu na kushuka tena, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hazibadiliki. Juu yake mtu mmoja analia anavyotaka. Anaweza kuchelewa, anaweza kupiga kelele, anaweza kunyamaza. Zile nne hazimbembelezi. Zinashuka tu.

Wimbo kama huo ulifikaje Kitahana, Kibondo? Ulifika kwenye bahasha. Padre mmoja mgeni, aliyekuwa anakumbuka sana kwao, alimpa baba karatasi aliyoiandika kwa mkono, mimi sijazaliwa. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu na hakujua kusoma noti za mistari mitano. Basi akamkalisha padre chini, akamwambia aimbe, naye akawa anaandika kwa do-re-mi kwenye kaunta buku, sauti zote nne, kalamu ya bluu na nyekundu. Maneno ya Kiitalia akayaacha. Akatunga ya Kiswahili, ya Ijumaa Kuu.

Mimi nimekua nikijua huo ni wimbo wetu wa Kibondo. Nikiwa chuo, Dar es Salaam, siku moja mwenzangu akaupiga kwenye kompyuta ya maktaba, na zile noti nne ziliposhuka nikatoa machozi mbele za watu. Nikamwambia, huo ni wa kwetu. Alicheka mpaka msimamizi akatutoa nje.

Bado nasema ni wa kwetu.

Nilipokuwa na miaka sita au saba nilikuwa nawachokoza wenzangu wa sauti ya kwanza wakati wa mazoezi, kwa hiyo baba akanihamishia benchi la nyuma, katikati ya wanaume wa sauti ya nne. Ilikuwa adhabu. Lakini wanaume wale walipoanza la, so, fa, mi, benchi lilitetemeka, na mgongo wangu ukaujifunza ule wimbo kabla ya masikio. Nakumbuka harufu yao pia, sabuni ya mche na tumbaku na masweta yaliyokaushwa karibu na moto wa kuni. Nilikaa pale miaka mitatu na hakuna aliyenikumbusha kwamba adhabu ilikuwa imekwisha.

Saksafoni nilijifunzia Dar, kwenye bendi ya tarumbeta ya kanisa nililokuwa nasali. Baba hakuipenda. Alisema ni chombo cha baa. Likizo moja nilikuja nayo nyumbani, nikakaa kibarazani nikampigia la-so-fa-mi yake mwenyewe, nikiwa na hakika kwamba hapo lazima alainike. Akachukua jembe akaenda kupalilia muhogo. Saa saba mchana, jua la utosi. Kesho yake alfajiri nikaondoka bila kumuaga.

Baada ya hapo tuliongea kwa simu mara nyingi tu, habari za mvua, za homa, za kuku wa mama. Kuonana ana kwa ana hatukuonana tena. Presha ilimchukua ghafla, na mimi nilifika Kitahana watu wameshaweka turubai.

Watu huwa wananiambia kwa kunifariji kwamba lazima baba alikuwa anasikiliza kwa mbali kule shambani. Hapana. Shamba lile liko ng'ambo ya korongo. Hakusikiliza, na nimeacha kujidanganya.

Sauti yake imebaki kwenye kanda moja tu. Mwaka mmoja masika yalikata njia, na wale wa sauti ya nne waliokuwa wanaishi Busunzu wakashindwa kuja mazoezini. Baba akakaa sebuleni asubuhi moja na redio kaseti, akaimba sauti ya nne peke yake mwanzo hadi mwisho, kisha kanda ikapelekwa Busunzu kwa baiskeli. Pasaka ilipopita ikarudishwa. Tangu msiba, mama ameifungia kwenye sanduku lake, chini ya vitenge, na hataki ipigwe.

Pasaka iliyopita niliiiba. Naliandika hilo neno kwa sababu ndilo lenyewe. Mama alikwenda kanisani, mimi nikasingizia kichwa kinauma, nikafungua sanduku, nikainakili kanda kwenye kompyuta, nikairudisha. Kisha nikalala kitandani nikajifunika ili akirudi anikute mgonjwa. Alinipikia uji.

Niliporudi Kasulu nikaifungua kwa utulivu. Sekunde arobaini za mwanzo hazikuwa muziki. Baba anakohoa. Kiti kinalia. Jogoo. Halafu baba anasema "Mwakeye," salamu yetu ya asubuhi kwa Kiha, halafu kimya kirefu. Anaongeza maneno mawili matatu ya kuuliza habari za nyumbani, kimya tena. Ndipo anashusha pumzi na kuanza.

Nikazikata zote. Nilikuwa nataka zile noti nne, safi, bila jogoo.

Na kweli nilizisafisha. Kompyuta ikawa inairudia sauti ya baba bila kuchoka, kila mzunguko inaivuta kidogo, inainenepesha, mpaka mwisho unasikia kitu kama kinanda kikubwa cha kanisani na si mtu tena. Mimi nalia juu yake kwa saksafoni. Chini ya mguu wangu kuna kidude cha kukanyaga: ukikikanyaga kinanasa chochote kinachoingia kwenye maiki, ukikikanyaga tena kinaanza kukirudisha, mzunguko baada ya mzunguko, na wewe unaendelea kupiga juu yake. Kwa hiyo mtu mmoja anakuwa watu sita. Nilijisifu sana. Niliwapigia walimu wenzangu wawili wakasema inatisha, nikalichukua neno hilo kama pongezi.

Mwezi uliopita nilimpigia mama nikamwambia ukweli. Jumamosi ijayo ni misa ya kumbukumbu ya miaka miwili, na nilitaka niupige wimbo nyumbani baada ya misa, baba akiimba.

"Njoo nisikie kwanza," mama akasema. "Nikiona haifai, utaifuta hiyo sauti mbele yangu, na hutaipiga tena popote. Umesikia, Skola?"

Nilisikia. Sikuwa na nakala nyingine nje ya kompyuta ile, na najijua: mama akiniangalia usoni, ningefuta.

Jana asubuhi nikapanda basi. Zamani safari ya Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa ya kutwa nzima na unashuka umekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele; siku hizi sehemu kubwa ni lami, unafika hata hujamaliza kuogopa. Nilikuwa na saksafoni, kompyuta, maiki, kidude cha mguu na sabufa ya kuazima ambayo konda aliipakata yeye mwenyewe kama mtoto, kwa sababu aliipenda.

Sebuleni kwa mama nilimkuta Mzee Bukuru. Huyu ndiye aliyeipokea ile kanda kule Busunzu. Alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, akalima, akaoa, akapata uraia, na kwa miaka yote hiyo alikuwa nguzo ya sauti ya nne. Mimi nilikuwa nakaa kushoto kwake kwenye lile benchi. Sasa amekonda, koti limekuwa kubwa, lakini aliposema "Mwana wanje," mwanangu, niliisikia mgongoni. Mama alikuwa amemwita kwa makusudi. Alitaka shahidi.

Nikafunga kebo zangu. Mama akakaa kwenye kochi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Nikaanza. La, so, fa, mi, sauti ya baba ikatoka kwenye sabufa nzito na safi. Nikaingia na saksafoni. Sijawahi kupiga vizuri namna ile, nasema ukweli, na kadiri nilivyopiga vizuri ndivyo uso wa mama ulivyokuwa unajifunga. Mzee Bukuru alikuwa anatazama sakafu. Kwenye mzunguko wa nane au wa tisa, pale ambapo baba anaanza kugeuka kinanda, mama akainua mkono.

"Zima."

Nikazima.

"Huyo nani?" akauliza.

"Ni baba, mama."

"Baba yako hakuwa anaingia mahali akaanza tu. Salamu yake iko wapi?"

Nikamweleza. Nikasema kulikuwa na makelele, jogoo, kikohozi, na vimya virefu visivyo na kitu, nikavitoa ili wimbo uanze vizuri. Nilikuwa naeleza kwa ile sauti yangu ya darasani. Nikamsikia Mzee Bukuru akicheka kidogo puani, si kwa ubaya.

"Visivyo na kitu?" akasema. "Mwana wanje, hapo ni petu. Mwalimu alituachia pale."

"Aliwaachia nini?"

"Pa kuitika. Sisi kule Busunzu tulikuwa tunaitika kila siku tukiweka kanda. Mkubwa anakusalimu, hata awe ndani ya redio, utamuacha asalimu peke yake? Yeye alijua tutaitika. Ndiyo maana alingoja."

Mwalimu wa hesabu, nimekata sekunde arobaini, na kuhesabu nikahesabu, lakini swali la kwa nini zilikuwa arobaini sikujiuliza.

Mama aliinuka akaingia chumbani. Nikadhani ndiyo basi, anakwenda kulia, akirudi ataniambia nifute. Nilisikia mfuniko wa sanduku. Akarudi na kanda yenyewe na ile redio kaseti ya zamani, akatoa betri kwenye tochi yake akazitia, akaiweka redio mezani mbele ya maiki yangu. Hajaipiga tangu msiba. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda mrefu.

Mimi nilikuwa nimesimama na saksafoni shingoni, mguu juu ya kidude. Akabonyeza, na mguu wangu ukakanyaga. Sikupanga. Ni mazoea tu, sauti ikianza mguu unakanyaga.

Kikohozi. Kiti. Jogoo. "Mwakeye."

Mama alishuka kwenye kochi. Magoti yake ni mabovu, kwenye misa siku hizi anakaa tu, lakini alishuka akapiga goti kwenye zulia, akakutanisha viganja, akapiga makofi ya salamu, yale ya taratibu ya viganja vilivyokunjwa kidogo, ambayo kwetu mdogo humpigia mkubwa na mke humpigia mume. Akaitika. Mzee Bukuru naye akainama kwenye kiti chake, akapiga, akaitika. Hawakukimbia wala hawakubanwa. Walipomaliza, baba akauliza habari za nyumbani. Wakaitika tena, mama akamwambia za nyumbani ni nzuri, tupo, na makofi yao yalipokoma baba akashusha pumzi, akaanza kuimba.

Kile kimya kilikuwa kimepimwa. Kiliwatosha wote wawili.

La, so, fa, mi. Betri za tochi zilikuwa dhaifu, sauti ikawa chini kidogo ya ilivyotakiwa. Mzee Bukuru akaifuata hapohapo ilipokuwa, akaingia na sauti ya nne, na sauti yake imechakaa lakini haikukosea hata noti moja. Nikakumbuka mguu wangu. Nikakanyaga mara ya pili, na kwenye sabufa yakaanza kurudi makofi ya mama. Pwa, pwa, pwa, yakizunguka chini ya zile noti nne, na "Mwakeye" ya baba ikipita katikati kila mzunguko, na jogoo. Mama aligeuka akatafuta nani anayepiga, akatazama mikono yake, akaelewa. Hakuniambia nizime.

Mimi nilishindwa kuingia. Mizunguko mitano, sita, midomo yangu ilikuwa inatetemeka na saksafoni haitaki midomo inayotetemeka. Nilipoingia niliingia chini, kwenye sauti ya nne, pembeni ya Mzee Bukuru, mahali pangu pa zamani. Kile kilio chote cha juu nilichokifanyia kazi mwaka mzima sikukipiga. Mwishoni kabisa nilipandisha noti moja, nikaishikilia mpaka pumzi ikaisha.

Halafu ikawa sebule tu, na kuku mlangoni.

Mama alihitaji mikono yetu sote wawili kuinuka. Akaitoa kanda, akaifunga kwenye kitambaa chake, akakaa nayo.

"Hii utaipiga Jumamosi," akasema. "Ile ya kwanza uliniletea mgeni asiyesalimia, ndani ya nyumba yangu mwenyewe." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Na siku nyingine ukiumwa kichwa, usikunje vitenge vyangu kwa pembe nne. Mimi nakunja mara tatu."

Alijua tangu Pasaka. Alijua wakati ananipikia uji.

Tulikula ugali wa muhogo na maharage, Mzee Bukuru akatusimulia jinsi kanda ilivyovuka mto Pasaka ile ikiwa ndani ya kofia ya mtu. Mama alicheka hadi akajifuta macho. Muda mrefu sijamsikia akicheka kuhusu jambo lenye baba ndani yake. Leo asubuhi nilimpigia goti nikamuaga vizuri, kila neno, mpaka yeye mwenyewe akaniambia nenda, basi litakuacha.

Sasa niandike ile ambayo sijawahi kuiandika popote.

Alfajiri ile nilipoondoka bila kumuaga baba, si kweli kwamba alikuwa amelala. Nimewaacha watu waamini hivyo, na mama pia. Alikuwa uani, ananawa uso kwenye beseni. Alinisikia nikifungua mlango, akasema "Mwakeye." Yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye aliyetangulia kusalimia. Akangoja. Nakumbuka maji yakidondoka kidevuni kwake. Nami nikajifanya nahangaika na zipu ya begi, nikapita.

Ningesema nini kumhusu yeye na saksafoni? Alikuwa na ukaidi wake. Lakini ile asubuhi ukaidi haukuwa wa kwake.

Miezi yote hii nilikuwa najiambia nilizikata zile sekunde kwa sababu ya jogoo.

Mvua bado inadonadona. Jumamosi wimbo utaanza na kikohozi, na watu wote wa nyumbani wataitika, na saksafoni itangoja zamu yake. Kazi ya kompyuta itakuwa ndogo sana, kushika makofi yao na kuyarudisha. Baba hatageuka kinanda.

Hapa niliacha kuandika kidogo, nikaenda kufungua kompyuta. Zile sekunde arobaini zilikuwa bado kwenye faili la awali, nimezirudisha mahali pake. Sikuchomeka sabufa, maiki, wala kile kidude. Saksafoni nikaiacha mlangoni ndani ya begi lake, nikapiga goti kwenye sakafu ya saruji, baridi yake inapenya kanga, saa kumi na mbili jioni, nikijiandaa kuitikia salamu ya asubuhi.

Kikohozi. Kiti. Jogoo. "Mwakeye."

Nikapiga makofi, nikaitika, polepole, nikamaliza. Nilikuwa peke yangu na nilimaliza mapema, kimya kilikuwa bado kinaendelea. Kulikuwa na nafasi ya kumuuliza na yeye ameamkaje.

Nikamuuliza.